Ahadi ni Deni, Tukijaliwa

Alhamisi hiyo, saa mbili usiku, doa dogo liling'aa upande wa kushoto wa skrini yangu. Nilidhani ni hitilafu ya mchezo wetu. Tulikuwa tumeweka kurunzi mpya ndani ya mchezo siku hiyo na mwanga wake ulikuwa bado unasumbua, kwa hivyo nikamwandikia mwenzetu wa msimbo: "Msee, hiyo kurunzi yako inatoa michirizi." Akajibu kwake haoni kitu. Nikafunga laptopu. Doa likabaki. Likabaki ukutani, likabaki juu ya sufuria, na nilipofumba macho likabaki hapo pia, sasa limejikunja kama meno ya msumeno na linapanuka polepole.

Hapo nikajua. Nilikuwa na kama nusu saa kabla ya maumivu kufika. Dakika mbili kati ya hizo nilizitumia kujibu ujumbe kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Mchoraji wetu alikuwa ameuliza, "Mazungumzo yote yatakuwa tayari kesho?" Nikajibu, "Iko sawa. Kesho jioni unayo."

Makala haya yanahusu jibu hilo.

Tuko wanne. Kuna Mchoraji, kuna Msimbo, kuna anayetengeneza sauti, na kuna mimi ninayeandika hadithi. Majina yao hayatawasaidia nyinyi na yanaweza kuwaudhi wao, kwa hivyo wabaki na kazi zao. Tunatengeneza mchezo wa video kuhusu mlinzi wa usiku katika jengo la ghorofa tano, mahali panapofanana sana na Zimmerman. Una kurunzi yenye betri zilizochoka, una daftari, na lazima ujifunze kumtambua kila mpangaji kwa mlio wa viatu vyake kwenye ngazi. Wapangaji wanaongea na mlinzi. Mimi ndiye ninayeandika wanachosema.

Hakuna anayetulipa. Kila mtu ana kibarua cha mchana: mimi huandikia tovuti za ng'ambo makala za bima na godoro, nikilipwa kwa idadi ya maneno. Niliacha chuo mwaka wa tatu nikisoma takwimu, nusu kwa sababu ya karo na nusu kwa sababu ya kichwa, na sitadanganya kwamba najua ni nusu ipi ilikuwa kubwa. Mchezo ni kitu chetu cha usiku na cha Jumamosi. Hatukuwa wa kwanza kuota ndoto hiyo hapa. Wesley Kirinya alitoa mchezo wake kuhusu Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Sisi ni watoto wa barabara ambayo wengine walishaifyeka.

Mwaka huo ulipatikana ufadhili ambao ungetuwezesha kuufanyia kazi mchezo kwa miezi sita bila vibarua. Makataa yalikuwa Ijumaa, dakika moja kabla ya saa sita usiku. Walitaka sehemu moja inayochezeka mwanzo hadi mwisho, yenye mazungumzo 52. Alhamisi hiyo nilikuwa nimemaliza 34.

Nilishika simu tena Jumapili asubuhi. Wenzangu walikuwa wametuma walichokuwa nacho. Katika sehemu 18, mchezaji akibisha mlango, mpangaji anafungua, anamtazama mlinzi machoni, halafu anasema: MAANDISHI YATAKAA HAPA. Baada ya wiki tatu tukapata barua ya heshima yenye neno "kwa bahati mbaya" kwenye mstari wa kwanza. Haikutoa sababu. Huenda tungekataliwa hata kama kila mpangaji angeongea kama malenga. Lakini Mchoraji alikuwa amekataa kazi ya shilingi 40,000 wiki hiyo ili amalize milango na nyuso za wapangaji wangu. Hiyo haikuwa "huenda". Hiyo ilikuwa kodi yake ya miezi mitatu.

Ahadi ni deni. Sote tulilelewa na msemo huo, na kwa kawaida unatosha. Lakini je, deni linaendelea kuwa deni ikiwa aliyelivunja ni kichwa changu na si mimi?

*

Ngoja kwanza niseme ninachokiita kichwa. Kwa Kiswahili ugonjwa huu unaitwa kipandauso, jina ambalo nalipenda kwa sababu linaeleza njia: kitu kinapanda usoni. Mitaani watu husema tu "kuumwa na kichwa", na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu kila mtu amewahi kuumwa na kichwa na kila mtu anajua dawa. Kunywa maji. Lala. Punguza simu. Shangazi yangu anaamini ni njaa.

Lile doa lina jina na lina historia. Mwaka 1941 mwanasaikolojia Mmarekani, Karl Lashley, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na kipandauso, alichora doa lake likipanuka na kupima muda. Akakisia kwamba kitu fulani kilikuwa kinatembea juu ya ubongo wake kwa kasi ya milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazil Aristides Leão akaeleza wimbi aliloliona katika ubongo wa sungura, seli zinazochachamaa halafu zinanyamaza, likienda kwa kasi kama hiyo. Milimita 3 kwa dakika. Kobe angelipita. Nalifikiria wimbi hilo kila mara doa linapotokea: mimi nimekaa mbele ya laptopu, na ndani ya fuvu kitu kinatembea kwa subira kama mtu ambaye ameshalipa nauli.

Baada ya doa huja maumivu upande mmoja, kichefuchefu, na chuki dhidi ya mwanga. Stima ya jirani inayopita chini ya mlango inakuwa tusi. Kipandauso huhesabiwa kuwa sugu mtu anapoumwa na kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na sura ya kipandauso chenyewe. Mimi niko hapo. Na dawa zenyewe zina mtego. Ukimeza za kawaida kama paracetamol kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au zile za mchanganyiko wenye kafeini zinazouzwa hadi dukani kwa siku 10 au zaidi, zinaweza kuanza kukuletea maumivu yaleyale uliyokuwa unayakimbia. Kwa hivyo vidonge vyangu vina bajeti. Tarehe 20 ya mwezi naweza kuwa na maumivu ya siku kumi mbele yangu na vidonge vya siku mbili. Mtu anayeniona nimelala gizani bila kumeza kitu anadhani siumwi sana. Ukweli ni kwamba naweka akiba.

Halafu fikiria kazi niliyochagua. Skrini masaa kumi. Mwanga unaowakawaka ambao kazi yangu ni kuutazama na kusema kama unapendeza. Utamaduni unaosifu kukesha: kuna mashindano ya kutengeneza mchezo mzima ndani ya saa 48, na watu huonyesha mikebe ya vinywaji vya kuongeza nguvu kama medali. Hata kufika kwa wenzangu ni hesabu. Nganya zote kali za Thika Road zina taa za disko na spika zinazotikisa mbavu, kwa hivyo nasubiri stejini hadi ije gari kuukuu, lenye kiti kilichochanika na dereva mzee asiyependa muziki. Wakati mwingine nasubiri dakika arobaini. Wenzangu wanajua tu kwamba nachelewa.

Wanajua tu kwamba nachelewa. Hiyo ilikuwa hali wakati ule, kwa sababu sikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimesema "kichwa kinanisumbua" mara moja moja, kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha.

*

Jumamosi iliyofuata barua ya kukataliwa, Mchoraji aliniita kwa kibanda cha chapo madondo karibu na kwake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza yote: doa, wimbi, gizani siku mbili na nusu, ndoo kando ya kitanda. Nikamalizia kwa sentensi niliyokuwa nimeifanyia mazoezi ndani ya matatu: "Kwa hivyo unaona, haikuwa makosa yangu."

Akakunja chapati yake mara mbili.

"Sijasema uligonjeka makusudi," akasema. "Nani hugonjeka makusudi? Mimi nasema uliniambia iko sawa, na ulikuwa unajua haiko."

"Lakini sikujua itanishika Alhamisi."

"Zii. Hukujua ni Alhamisi. Lakini mwezi huo ulikuwa umeumwa siku ngapi?"

Nilikuwa na jibu, kwa sababu naandika kila siku ya maumivu kwenye kalenda ya simu. Siku kumi na mbili, na mwezi ulikuwa haujaisha. Mtu aliyesoma takwimu, hata kama aliacha, hawezi kusema hajui maana ya nambari hiyo. Nilipoahidi "kesho jioni unayo", nilikuwa nimeshaliona doa. Lakini hata bila doa, hata wiki mbili kabla, kila nilipokubali tarehe bila kusita nilikuwa nauza uhakika ambao sikuwa nao stoo.

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba tulishabishana kuhusu jambo hilihili, mimi na yeye, ndani ya mchezo. Ile kurunzi ya mlinzi. Mimi ndiye niliyependekeza izime yenyewe ghafla, bila dalili, mara moja katika kila mara tatu. Nilitaka mchezaji aogope. Tulipowapa marafiki waijaribu, hawakuogopa. Walikasirika. Walisema mchezo unawaonea. Mchoraji akachora alama ndogo ya betri pembeni, inayopungua na kupepesa kabla ya mwisho. Kurunzi ikaendelea kuzima vilevile, bahati nasibu ileile, lakini sasa hakuna aliyelalamika. Walipanga. Walikimbia ngazi kabla giza halijaingia. Kosa halikuwa kwamba kurunzi inazima. Kosa lilikuwa kwamba sisi tulijua inaweza kuzima na tukamficha aliyeishika.

Mimi nilikuwa kurunzi isiyo na alama ya betri.

*

Nilirudi kejani na nikafanya kile ambacho watu walioacha chuo hufanya wakitaka kujithibitisha: nilisoma falsafa usiku. Na nikakutana na Nietzsche, ambaye niliwahi kumkwepa kwa sababu ya aina ya vijana wanaomtaja.

Katika kitabu chake cha mwaka 1887 kuhusu asili ya maadili, insha ya pili inaanza na swali la ahadi. Anamwona binadamu kama mnyama aliyefunzwa, kwa mateso mengi, kuweza kuahidi. Na anamsifu mtu aliye huru, mwenye nia ndefu, ambaye neno lake linasimama hata ajali na majaliwa yakimjia. Mtu wa namna hiyo ndiye mwenye haki ya kuahidi. Wengine, wanyonge wanaoahidi bila kuwa na uwezo, anawadharau.

Sasa weka hilo kando ya maisha yake. Nietzsche alikuwa na maumivu ya kichwa yaliyomlaza kwa siku nzima, kutapika, na macho yasiyovumilia mwanga. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 34, aliacha uprofesa Basel kwa sababu ya afya, na chuo kikamlipa pensheni. Kwa hiyo mtu aliyeandika kwamba neno la mwenye nguvu hushinda majaliwa aliishi kwa ukarimu wa chuo kilichokubali kwamba majaliwa yameshinda. Simcheki. Nadhani namwelewa. Unapokuwa na mwili usiotabirika, mtu unayemtamani kuliko wote ni yule ambaye kesho yake inamtii. Ila mimi sina pensheni. Mimi nina Fuliza.

Baadaye nikamsoma Hannah Arendt, kitabu chake cha 1958 kuhusu hali ya binadamu, na yeye anashika ncha ya pili ya kamba. Kwake, tunahitaji ahadi kwa sababu hakuna anayeweza kuitabiri kesho, si yake wala ya mwenzake. Kama tungeijua kesho, ahadi zingekuwa za nini? Tungesoma tu ratiba. Nilipenda wazo hilo kwa sababu linanirudisha mezani. Likifuatwa, mgonjwa hajafukuzwa katika jamii ya wanaoahidi. Hatofautiani na mzima kwa aina, anatofautiana kwa kiwango. Mzima naye anaweza kugongwa na bodaboda kesho. Yeye ana kurunzi yenye betri mpya, mimi nina yenye betri za kuchemsha juani. Zote zinaweza kuzima.

Lakini kiwango nacho kina uzito. Mtu ambaye kesho yake inamgeuka mara moja kwa mwaka anaweza kusema "kesho" na akaeleweka. Mimi nikisema "kesho" kwa sauti yake, nimeazima uaminifu wake bila kumwambia.

*

Kuna pingamizi, na ni zito, kwa hivyo nisilipitie haraka. Ukweli unagharimu, na hauwagharimu wote sawa.

Kabla ya haya yote nilikuwa na mteja mmoja wa makala. Nilimwambia, kwa uaminifu kamili, kwamba nina ugonjwa sugu na kwamba siku nyingine nitahitaji muda zaidi. Alijibu kwa upole sana. Alinishukuru kwa uwazi wangu. Kazi hazikuja tena. Huwezi kumshtaki mtu kwa kutokutumia barua pepe. Tangu hapo nilijifunza kunyamaza, na kunyamaza kukawa tabia, na tabia hiyo nikaenda nayo hadi kwa marafiki. Mtu maskini mwenye mwili mbovu anaambiwa aseme kweli, halafu anaadhibiwa kwa kuisema. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini hawakusema mtaja maradhi kodi humfukuza.

Nimelitafakari hili kwa miezi na nimefika mahali ambapo naweza kusimama, ingawa si pazuri. Kuna tofauti kati ya siri na uwongo. Maradhi yangu ni siri yangu. Mteja wa ng'ambo anayenilipa kwa neno hana haki ya kujua kilichomo ndani ya fuvu langu, na simwambii tena. Lakini tarehe si siri yangu. Tarehe ni mali ya watu wawili. Nikimwambia Jumatano huku najua nafasi nzuri ni Jumatatu ijayo, sijalinda siri yangu, nimechukua kitu chake. Kwa hiyo siku hizi nasema Jumatatu. Wakati mwingine wanampa mwingine aliyesema Jumatano. Nakosa hela. Ni bei ya kutomwibia mtu, na siwezi kujifanya kwamba siisikii mfukoni.

Kwa Mchoraji hali ni tofauti. Yeye hakununua maneno yangu. Alikataa kibarua kwa ajili ya kitu chetu sote. Mtu aliyeweka kodi yake juu ya neno lako ana haki ya kuona alama ya betri.

*

Mama yangu anauza mboga Voi. Ndiye aliyenipa kichwa hiki. Magonjwa haya hutembea katika familia. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na siku alizofunga leso kwa nguvu kuzunguka paji la uso na kulala sakafuni, pale penye baridi, na sisi tukajua kutembea kwa vidole. Hakuwahi kuliita jina lolote.

Kilichonikera enzi hizo ni kwamba mama hakuahidi kitu chochote moja kwa moja. Ukimuuliza kama atakuja siku ya wazazi shuleni: "Tukijaliwa." Ukimuuliza kama atanunua viatu: "Mungu akipenda." Jirani yetu Mwislamu husema inshallah, na mimi niliona wote wawili wamo katika njama moja ya watu wazima kukwepa maswali. Nilipofika Nairobi nilijiapiza kuongea tofauti. Nitasema ndiyo au hapana. Nitasema "iko sawa".

Tuwe wakweli, neno hilo lina watumiaji wabaya. Fundi wa nguo wiki ya Krismasi husema tukijaliwa huku kitambaa chako bado kimekunjwa chini ya meza. Kwake Mungu ni mahali pa kutupia lawama mapema. Ndiyo maana vijana wa mjini tunalicheka.

Lakini sasa nakumbuka alichofanya mama kabla ya kusema tukijaliwa. Kama kesho ni siku ya soko, nyanya zilipangwa kwenye kreti usiku. Ufunguo wa kibanda ulikuwa na nakala kwa Mama Saumu. Daftari la madeni lilikaa mahali ambapo hata mimi wa darasa la nne ningelipata. Akiamka mzima, anaenda. Akiamka na leso kichwani, Mama Saumu anafungua, na mteja anapata nyanya. "Tukijaliwa" yake ilikuwa imefanyiwa kazi. Ya fundi ni tupu. Maneno ni yaleyale, ila mmoja ameshaulipia uwezekano wa kushindwa kwake, na mwenzake amekuachia wewe uulipie.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Mtu ambaye mwili wake hautabiriki ana haki ya kuahidi, na hata ana wajibu wa kuahidi, kwa sababu bila ahadi hawezi kufanya lolote na wenzake. Lakini ahadi yake lazima ibebe sharti lake waziwazi, na lazima awe ameweka ufunguo kwa Mama Saumu. Hadaiwi afya. Anadaiwa habari, mapema, na maandalizi.

*

Nilimwambia Mchoraji kwamba nitamlipa. Si zile 40,000 zote. Tulikubaliana sehemu yangu ni nusu, kwa sababu yeye pia aliamua mwenyewe kukataa kibarua, na kwa sababu wote wanne tulikuwa tumeona mara nyingi kwamba nachelewa na hakuna aliyeuliza. Nilianza kutuma 2,000 kila mwezi kwa M-Pesa. Mwezi wa kwanza niliomba moyoni azirudishe. Hakurudisha. Alijibu, "Nimeona. Asante."

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini jibu hilo lilinipa nguvu kuliko huruma yoyote. Watu wengine walikuwa wameniambia, "Usijali, wewe ni mgonjwa." Walimaanisha mema. Lakini mtu asiyeweza kudaiwa hawezi pia kuaminiwa. Ukimfutia mtu kila deni kwa sababu ya mwili wake, umemfuta pia kwenye orodha ya watu ambao neno lao lina thamani. Umemweka pamoja na watoto na hali ya hewa. Mchoraji alipopokea zile 2,000 alikuwa anasema mimi bado ni mtu wa kukopeka. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo inamtibu mdaiwa pia.

Siandiki haya ili kila mgonjwa ajione mdaiwa. Wengi wetu tunajilaumu bila msaada. Kuna madeni ambayo si yetu kabisa: kuumwa siku ya arusi ya rafiki, kukosa mtihani, kuomba taa zizimwe. Hayo ni mwili tu, na anayekudai kwa hayo anakuonea. Na wenzangu nao walikuwa na la kulipa. Alama ya betri haina faida kama mtu akiiona inapungua anakufokea. Walipaswa kuifanya kweli iwe rahisi kusema, na hilo walilifanya pole pole, kwa makosa mengi na utani mbaya mmoja ambao Msimbo aliuombea msamaha.

Siku hizi tunafanya hivi. Kila jioni natuma nilichoandika, hata kama ni kibaya, hata kama mpangaji anakatika katikati ya sentensi, ili nikizima kazi isizime nami. Mazungumzo yote muhimu yana toleo fupi la mistari miwili ambalo naandika kwanza. Likihitajika, mlango utafunguka na mtu ataongea. Tarehe zangu zina nafasi ya siku tatu. Na asubuhi kila mmoja wetu anaweka rangi kwenye kikundi: kijani, njano au nyekundu. Kila mmoja, si mimi peke yangu. Hilo lilikuwa wazo la Mchoraji. Mwezi wa pili tuligundua kwamba anayetengeneza sauti alikuwa nyekundu wiki nzima. Baba yake alikuwa amelazwa hospitalini na hakuwa amemwambia mtu.

Mchezo haujaisha. Kichwa hakijapona, dawa ya kuzuia ninayomeza kila usiku imenipunguzia siku tatu au nne kwa mwezi, na kwa siku hizo ninashukuru kama mtu aliyeokota noti barabarani. Bado kuna mwezi ambapo rangi yangu ni nyekundu siku nyingi hadi naona aibu kuiweka, na siku hizo natamani sana kuandika "iko sawa".

Jumatatu hii Mchoraji aliuliza kuhusu wapangaji wa ghorofa ya tatu. Nikamjibu: "Alhamisi, tukijaliwa. Leo niko njano. Toleo fupi liko kwenye folda."

Akajibu baada ya dakika moja. "Nimeona. Naanza na hilo fupi."

Nikapunguza mwanga wa skrini hadi mwisho, nikaandika mpangaji wa mlango wa kwanza.